Kaseti Isiyo na Jina

Nianze na kosa, maana ndilo linalonirudisha enzi zetu: nilipokuwa na miaka kumi, nilifuta sauti ya Koko, bibi yangu mzaa maman, aliyefia Bukavu.

Tuliishi ughaibuni, mtaa wa Forest, ghorofa ya nne: mimi, maman, na tonton Déo, mdogo wake. Wenzangu walicheza mpira uani. Mimi nilikuwa na kompyuta kuukuu alizookota tonton kwenye soko la vitu vilivyotumika, na hazikufanana hata kidogo. Moja ilikuwa na vibonye vya mpira, laini kama ufizi. Nyingine, nzito kama jiwe la kusagia, ilitaka televisheni yetu ya sebuleni ndipo ionyeshe kitu. Kila moja ilikuwa na lugha yake, na hakuna iliyosoma kaseti ya mwenzake. Zilikuja na magazeti ya zamani ambamo waliozitengeneza walirushiana maneno hadharani. Tonton alinisomea huku akicheka: "Sikia huyu! Anasema mashine ya mwenzake ni ya kuzuia mlango tu!" Maman alijibu toka jikoni, katikati ya harufu ya sombe, majani ya muhogo: "Alors, mutaoa hizo mashine, nyinyi wawili."

Nilijifunza peke yangu. Nilinakili programu ya mchezo wa golikipa kutoka gazetini, nikiichapa kwenye mashine mstari kwa mstari. Nikikosea herufi moja, nilifuta yote nikaanza upya. Programu ilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, na zangu zilikuwa na mikwaruzo. Nilitaka iliyo safi. Nikaikuta moja kwenye kopo la biskuti la maman, haina jina. Sikuisikiliza; nilihifadhi mchezo wangu juu yake.

Wakati ule simu ilikuwa ghali, hivyo ndugu walirekodi barua za sauti, wakampa msafiri alete. Ile ilikuwa ya mwisho ya Koko, na maman aliisikiliza mara moja kwa mwaka, tarehe aliyofariki Koko. Siku ilipofika aliiweka kwenye redio, akaketi akisubiri kikohozi kidogo cha Koko kabla hajasalimu. Ukatoka mlio wa programu ya golikipa wangu, kama bati linalokwaruzwa. Aliusikiliza hadi mwisho. Niliinamia sahani yangu.

"Bon, yaya, kaseti zinazeeka," tonton alimwambia dada yake.

Vijana wa leo wana simu zinazofanana kama mayai, na chaji ikiisha wanaomboleza kama wamefiwa. Tonton hayupo tena. Mashine zake ziko chini ya kitanda changu, hapa ninapoishi sasa, karibu na Flagey, na magazeti nayasoma kimya.

Mwaka jana nilimwambia maman.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Kaseti ya kuzeeka hailii vile."

"Juu ya nini hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangojea wewe mwenyewe useme."

Nilimngojesha miaka ishirini. Siku hizi nikikosea, nasema siku hiyohiyo.