Barua Iliyolala kwenye Droo ya Mkuu

Juu ya anwani andika u.f.s., halafu cheo cha bosi wako. Nafundisha Kiingereza sekondari moja huku Nkoma, na maneno hayo nimeyasema mpaka ulimi umeota sugu. Kirefu chake ni "under flying seal": barua inapita ikiwa wazi, bosi anaisoma, anaandika maoni, anaisukuma mbele. Kuisukuma mbele ndiyo kazi yake, jamani, si kuilalia!

Mama yangu alikuwa akiishi peke yake mji wa Lamadi, muuza dagaa, macho yanafifia. Siku moja alijimwagia chai ya moto akipapasa kikombe. Mimi ndiye mwanawe pekee. Nikaandika barua ya kuomba uhamisho kwenda kwake, Kiingereza kimenyooka, u.f.s. mahali pake, nikampelekea mkuu wa shule.

"Nitaiangalia, madam," akasema, akafungua droo.

Aliiangalia mwaka mzima. Nikimuuliza, anacheka: "Ukiondoka nani atafundisha Kiingereza? Ngoja pamba ivunwe, tutaongea." Pamba ikavunwa, ikapandwa nyingine. Na wala hakuwa mtu mbaya, alikuwa akiniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nyumbani, nami nakula huku nina hasira.

Nikachoka. Nikaenda Bariadi, ofisi ya mkoa, nikaikabidhi nakala kwa mkono wangu. Karani akaitupia jicho mara moja tu.

"Haina maoni ya mkuu wako, mwalimu. Hii haijapita."

"Ndiyo maana nimeileta mwenyewe!"

"Basi tutairudisha ipitie kwake."

Wakairudisha kweli. Mkuu akaniita, akatabasamu, akailaza juu ya ile ya kwanza. Nilitoka pale nikalia chooni kama mtoto.

Wiki hiyo nilikuwa nafundisha barua rasmi kidato cha tatu. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Na bosi asipoipitisha, madam?" Darasa zima likaniangalia.

"Pigia mstari kichwa cha barua," nikamjibu. Mungu anisamehe.

Mwishowe aliyehama ni mkuu mwenyewe, nami nikaambiwa nikaimu. Asubuhi ya kwanza nikafungua droo. Barua zangu mbili zilikuwemo, safi, hazina hata alama ya kalamu. Kalamu sasa ninayo mimi, lakini nani ajipitishie barua yake? Nikafuata wakubwa Lagangabilili, wilayani. Wakaniambia nivumilie mpaka apatikane mkuu mwingine, shule haiwezi kubaki bila mtu. Jioni mama akapiga simu kuuliza kama nimeshapata ruhusa.

"Bado inapita, mama," nikamwambia.

"Inapita wapi mwaka wa pili huu, mwanangu?"

Kabla mwezi haujaisha, mwalimu wetu wa hesabu akabisha hodi. Ndiye wa pekee tuliye naye, na zamani nilimfundisha mwenyewe hapa hapa. Mkewe amejifungua Mwanhuzi, hana wa kumsaidia, anaomba kuhamia huko. Barua ilikuwa wazi, u.f.s. mahali pake, na chini yake cheo changu. Niliisoma mara mbili. Nikawaza kidato cha nne bila hesabu, nikawaza wazazi watakavyonijia juu. Yeye alisimama mikono nyuma, akisubiri, kama nilivyowahi kusimama mimi.

"Nitaiangalia, mwalimu," nikamwambia, na droo nilikuwa nimeshaifungua.