Siku Nilipotaka Kumwita Jirani Mchawi

Nakumbuka asubuhi moja kwetu Wingwi, mwanangu, nilimkuta ng'ombe wangu wa maziwa kafa zizini. Nilikuwa mjane bado kijana, na ng'ombe yule ndiye akinilishia wanangu.

Siku mbili kabla, jirani yangu Bi Mgeni alisimama pale akamsifu alivyonona, wala hakusema mashaallah. Basi jawabu nikawa nimeshalipata: kamroga. Alipokuja kunipa pole, nilisema moyoni kaja kutazama kazi yake. Kesho yake hakuja, nikasema anajificha. Mtamba wake, ndama jike niliyebaki naye, alipoacha kula, nilijifunga kanga kiunoni nikatoka ili nikamtaje mbele za watu kuwa ni mchawi.

Mlangoni nikakutana na shangazi yangu, Bi Time. Akanishika mkono, akanikalisha barazani. Nikamwaga yote. Mzee wa watu akasikiliza mpaka mwisho.

"Asha," akasema, "akija ni mchawi, asipokuja ni mchawi. Sasa afanye nini hata umuone si mchawi?"

Kisha akaongeza:

"Na siku zote alizomsifu ng'ombe wako, naye akaamka mzima, mbona hizo huzihesabu?"

Akanituma nikamwite bwana mifugo. Yule alifunua masikio ya mtamba, kupe wamejaa tele. Akasema ni homa ya kupe, ndiyo iliyomuua na mama yake. Akampiga sindano. Siku ya tatu mtamba akasimama, akala majani aliyoletewa na Bi Mgeni mwenyewe. Siku ile aliyokosekana, kumbe alikuwa Wete akimuuguza mwanawe.

Nililia, mwanangu, moyo ukawa mwepesi. Mtamba kapona, ndiyo, lakini zaidi nilishukuru kwa neno ambalo halikunitoka. Kijijini petu neno lile likishasemwa halifutiki. Lingemfuata yeye na watoto wake hata kwenye posa zao.

Usilolijua ni usiku wa giza, na moyo wenye uchungu hauvumilii giza. Hushika cha kwanza unachokigusa. Kwa hiyo ukijiona una yakini na ubaya wa mtu, jiulize ni kitu gani kingekuonyesha kuwa umekosea. Ukiona hakipo, ujue hiyo ni dhana tu, imevaa nguo ya yakini. Kaa kitako, ukamuulize anayejua.

Mola akujaalie subira ya kuuliza, auhifadhi ulimi wako, na majirani zako wakutaje kwa kheri, uwepo na usiwepo. Amin.