Mdakaji Asiyerushiwa Mpira

Nnaikumbuka Ijumaa moja baada ya Alasiri, ufukweni Sib, hapa Maskati, siku niliyokaripiwa na Ami Nassor mpaka nikafurahi. Mwanangu, najua bado hujazaliwa, na mie mwenyewe bado niko skuli. Lakini nasaha ni kama mkate wa mofa, ukilala haupendezi. Basi pokea ingali moto.

Ami Nassor ni mdogo wake baba. Alikwenda Marekani kusoma, akaishia kulipwa kwa kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, ambao mpira wenyewe umechongoka ncha mbili kama kokwa ya tende. Yeye alikuwa mdakaji wa pembeni: anatimka mbele, mwenzake anamrushia, anadaka. Alicheza misimu kadhaa, kisha goti likakataa, akarudi Maskati. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi; sasa kila Ijumaa anatufundisha sie wasichana wa ukoo. Hatuangushani. Kila mtu ana utepe kiunoni, ukichomolewa bas, umekamatika.

Siku hiyo alikuwa anachagua watakaocheza Idi na binamu zetu wa Al Amerat. Nilitaka, mwanangu. Lakini mie mtu wa haya, siwezi kupiga kelele "nirushie, nirushie", na Shamsa, mrushaji wetu, humrushia anayepiga kelele, yaani Khadija. Kila nikikimbia, mpira unakwenda kwa Khadija. Mwisho nikawa najikokota tu, natazama ndege zinazoshuka.

"Thuraya," Ami akaita. "Hebu njoo."

Bibi, aliyekuwa kwenye kiti chake na chupa ya kahawa, akanitetea kabla sijafika. "Mwache mtoto. Mwenda pole hajikwai."

"Kweli, mama. Wala harushiwi."

Bibi akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mie nilitamani ardhi inimeze.

Ami akachuchumaa kwa taabu, kwa sababu ya goti lile. "Msimu wangu wa kwanza nilikuwa kama weye," akasema. "Sirushiwi, nikaanza kujikokota. Mzee aliyekuwa akitufundisha sie wadakaji akanivuta pembeni. Akanambia, kijana, ukikimbia pole unamtangazia adui kwamba mpira hauji kwako. Anakuacha, anakwenda kumkaba mwenzio. Mwenzio akikosa, weye ndiye uliyemkosesha. Akasema nikirudia, nifunge mizigo nirudi kwetu."

"Ukafanyaje?"

"Nikakimbia. Mchezo uliofuata sikuugusa mpira, lakini walinzi wawili walinifuata mie, mwenzangu akapita kama anakwenda dukani."

"Nilikuwa naangalia kwenye televisheni," bibi akadakia. "Hawakumtaja hata mara moja. Nikajua wameshamfukuza."

"Walinibakisha, mama, kwa mbio zile zile. Thuraya, katika kazi yangu yote nimekimbia bila ya mpira mara nyingi kuliko nilivyoudaka. Na mbio hizo ndizo zilizonilisha. Yallah, rudi."

Nikarudi. Shamsa alipoupokea mpira nikatimka kama nimeitwa mie. Sikujua kama miguu yangu inaweza vile. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Mfuateni huyo, mfuateni," na walinzi wawili wakanijia, mmoja mtandio umeshamvuka. Halafu vifijo. Kugeuka, Khadija keshavuka mstari wa mwisho na mpira mkononi, hakuna hata mtu karibu yake.

Ami alikuwa ananyoosha kidole upande wangu. "Thuraya, Idi unacheza."

"Na mie niliyefunga, je?" Khadija akauliza.

"Weye pia. Lakini mshukuru aliyekufungulia mlango."

Khadija akanirukia, tukaanguka sote, mchanga ukatujaa midomoni. Nilicheka kwa sauti mbele za watu, kitu ambacho mie sifanyi.

Usinidhanie shujaa lakini. Siku ya Idi nilirushiwa mara moja tu, tena vizuri, nikaudondosha. Tukashinda hivyo hivyo, maana mbio nyengine zote nilizimaliza, na kila nilipokwenda binamu zetu walinifuata kama nimebeba halua.

Basi shika hili, mwanangu. Ziko siku nyingi utakimbia na mpira uende kwa mwengine: darasani, kazini, hata nyumbani kwenu. Usipunguze mbio. Wazee wamesema tenda wema wende zako. Mie naongeza, wende mbio, kwani huenda nyuma yako kuna mtu amepata njia. Na ikitokea weye ndiye unayerusha, usimsikilize anayepiga kelele peke yake. Inua macho umtafute aliyenyamaza, pengine yuko wazi zamani, hakabwi na mtu.

Mwenyezi Mungu akupe miguu myepesi, mikono inayoshika kuliko ya mama yako, na wenzio watakaofurahi ukifurahi. Amin.