Askari Aliyejibu "Niko Bien"

Nakumbuka Jumatatu moja asubuhi, mwanangu, wiki ya tatu tangu nirudi Bukavu na diploma yangu ya uuguzi kutoka ng'ambo. Diploma hiyo sikupewa na mjomba. Nilibeba saruji mchana, nikasoma baada ya kazi, na darasani nikawa wa kwanza. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na pia ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekosea siku ile.

Kliniki yetu ilikuwa kwenye mteremko, juu ya ziwa. Chumba kimoja kilikuwa na wagonjwa wawili walioumia kichwa. Wa kwanza alikuwa kijana wa pikipiki aliyeanguka barabara ya Walungu, na mshono wake ulikuwa mrefu kama kidole. Wa pili alikuwa koplo aliyetupwa chini na mlipuko wa bomu. Yeye hakuwa na hata mkwaruzo. Kamanda wake alitaka karatasi ya kumrudisha vitani kabla ya jioni, na karatasi hiyo ilikuwa mezani kwangu.

Nikamuuliza maswali yote ya fomu. Kichwa kinauma? "Niko bien, docteur," yaani mzima. Unalala? "Niko bien." Unasahau? "Hapana, docteur." Mimi sikuwa daktari, lakini sikumsahihisha. Nikachukua kalamu.

Maman Bahati, muuguzi mzee ambaye hakuwahi kusafiri kupita Kamanyola, akanishika mkono.

"Monsieur Diplome, huyu wa pikipiki ulimuuliza nini?"

"Sikumuuliza sana. Familia yake ilisimulia."

Ni kweli. Mama yake alisema anakasirika ovyo, mke wake alisema anauliza jambo moja mara tatu, shangazi alisema anakimbia mwanga.

"Sasa huyu askari, garde-malade wake iko wapi?"

Nikatazama kando ya kitanda; hapakuwa na mtu. Unajua desturi yetu: mgonjwa haji peke yake. Ndugu hulala chini kando ya kitanda, hupika, hufua, na huona kila kitu. Watu wa koplo huyu walikuwa Bunyakiri, wala hawakujua kama yu hai.

"Basi ni wewe," akasema. "Keti hapa mpaka saa kumi. Na akisema iko bien, usimuamini. Kule jeshini mutu anafundishwa kusema bien hata kama anabeba muguu yake mukononi."

Kijana wa pikipiki akacheka. "Docteur, unipikie na mimi. Shangazi anaweka chumvi mingi!"

Nikaketi, nimekasirika. Sufuria ikaanguka uani, na koplo akawa chini ya kitanda, ameziba masikio. Alipokwenda chooni, hatua kumi tu, alipotea. Nilimkuta kwenye ngazi akilitazama ziwa kama mgeni. Mchana, nilipompa bugali, niliona majina matatu yameandikwa kwa kalamu kwenye ngozi ya mkono wake, chini ya saa.

"Ni watoto," akasema polepole. "Ule wa katikati ninamusahau. Usiandike, docteur. Watasema ninaogopa."

Mwanangu, nilikuwa nimebakiza sahihi moja tu kumrudisha mtu huyo kwenye mabomu.

Kamanda alipofika, Maman Bahati alisimama mlangoni, mfupi, mikono kiunoni.

"Mon commandant, huyu anabaki."

"Kidonda kiko wapi?"

"Redio yako ikianguka na kunyamaza, unatafuta kidonda?"

Kamanda akanitazama mimi. Nikaandika: abaki. Siku nne baadaye mke wa koplo, tuliyempelekea habari, aliwasili kutoka Bunyakiri na mtoto mgongoni, na koplo akalia mbele yetu sote.

Tangu hapo nimehudumia vichwa vingi, na wachache hapa mjini wananizidi. Lakini hili nilifundishwa na Maman Bahati: Ubongo wa askari ni sawa na wa raia; ukitikiswa unaumia, hata ngozi ikibaki nzima. Ila raia ana nyumba nzima ya kumsemea, na askari amefundishwa kunyamaza.

Kwa hiyo mtu akirudi kutoka vitani au akianguka na pikipiki, usitosheke na jibu lake. Waulize wanaoishi naye. Asipokuwa na mtu, keti wewe, uangalie, na uwe na subira.

Mungu akulindie kichwa chako, mwanangu, na siku utakaposema uko bien na kumbe si kweli, akuletee mtu atakayekataa kuondoka kando ya kitanda chako.