Siku Niliyoitikia Hodi Yangu Mwenyewe

Nawasimulia hii habari kwa shingo upande, jamani, kwa sababu najua wengine wenu mmeshaisikia sokoni Baraka ikiwa imetiwa chumvi (eti mbuzi alizimia, eti mimi ndiye niliyekuwa naoa mke wa pili), na aibu ikishakuwa ya kwako, afadhali uisimulie kwa mdomo wako. Mimi ni mwalimu, nina watoto watano, nina mvi za kutosha, na mpaka siku ile sikuwa nimewahi kumwambia mtu hapana. Sijisifu, ni ugonjwa. Mtu akianza tu, "Mwalimu, nilikuwa naomba...", mimi nimeshakubali, ndipo yeye anamalizia kuniambia anachoomba. Nimewahi kuwa mshauri wa kwaya mbili ambazo hazisalimiani. Nimewahi kuazima baiskeli ya jirani ili nimwazime mtu mwingine, tena huyo mtu mwingine simjui vizuri.

Lakini kabla sijajianika zaidi, niwatajie kwanza Mama Nyota, maana bila huyo mama nisingekuwa na uso wa kukaa hapa nanyi. Mama Nyota anauza ndagala pale ufukweni, mitumbwi inapofika asubuhi, na katika Baraka yote sijaona mtu anayejua kukataa kama yeye. Ukimwomba kitu asichotaka, anakutazama usoni, anasema, "Hapana, ndugu yangu, siteweza," halafu hapohapo anakuuliza kama mtoto wako alipona homa. Hatoi sababu, haongopi kwamba anaumwa, hainui sauti. Na watu hawakasiriki! Nimemwona mkubwa mmoja wa mtaa akikataliwa pale mbele ya wateja, akaondoka anacheka. Mimi nilikuwa nikisimama pembeni na kikapu changu, namhusudu kabisa, halafu narudi nyumbani na ndagala nilizotumwa na wanawake watatu wa jirani.

Sasa sikilizeni. Kabla ya kuhamia Baraka nilifundisha miaka mingi kule Lubondja, na nina watu huko. Siku moja Baba Asende, mkulima, rafiki yangu wa zamani, akanipigia simu: "Mwalimu, siku ya posho" (yaani Jumamosi) "tunakuya uko Baraka kupeleka dote ya mutoto wetu. Weye njo porte-parole wetu, eeh?" Mnajua kwetu mambo ya dote, yaani mahari, baba hasemi mwenyewe, kila upande una msemaji wake, anasimama, anabembeleza, anatania, anashukuru, na mimi sauti ninayo. Nikasema ndiyo. Sikuuliza wanapeleka kwa nani. Siku mbili baadaye nikakutana bombani na Baba Neema, jirani yangu, kaka yake Mama Nyota, akaniambia, "Mwalimu, siku ya posho tuko na bageni ya binti. Utatusemea?" Nikasema ndiyo. Sikuuliza wageni wanatoka wapi. Nilipiga hesabu zangu kwamba mmoja atakuwa asubuhi na mwingine mchana, mambo safi. (Jumamosi hiyohiyo nilikuwa nimemwahidi mke wangu kuziba paa la jiko linalovuja tangu mvua zilipoanza, lakini hiyo sikuihesabu hata kidogo, na mtaona mbele.)

Ijumaa, wanafunzi wametoka, Neema mwenyewe akaja mpaka mlango wa shule. Nilimfundisha akiwa mdogo. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Mwalimu, baba anasema ni weye utatusemea. Familia ya Asende banatoka Lubondja, bamoja bamesha kufika. Tafazali, isiharibike tena." Alisema "tena" kwa sababu mara ya kwanza wageni walikuwa njiani wakapata habari ya msiba wakarudi, na baba yake akaapa kwamba ikiharibika mara ya pili, mlango wake hautafunguliwa mara ya tatu. Ndipo nikang'amua. Shughuli zangu mbili zilikuwa moja! Nilikuwa msemaji wa kijana na msemaji wa binti, na nikiharibu, Neema ndiye atakayelia.

Mke wangu, Mama Ester, hakupoteza maneno. "Enda ukatae upande moja. Ni neno moja tu." Basi nikaenda, nimelishika lile neno mdomoni njia nzima, mpaka nyumba ambayo Baba Asende alikuwa amefikia. Kabla sijafungua kinywa akanikumbatia: "Mungu amekutuma! Uku hakuna fasi ya kufunga mbuzi ya dote. Ilale kwako, kesho unakuya nayo." Nikasema ndiyo. Nikatoka na mbuzi. Nikasema sawa, nitamkataa Baba Neema. Nikafika kwake (na mbuzi, ndiyo, nilimfunga nje), nikaketishwa, nikapewa kinywaji, nikapewa na karatasi ya vitu ambavyo familia inaomba, ili kesho niisome mbele za watu kwa ile sauti yangu nzuri. Nikasema ndiyo. Yaani nilitoka nyumbani kukataa mara mbili, nikarudi na mbuzi, na mfukoni nina karatasi ya kumdai mbuzi huyohuyo. Mama Ester alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Jumamosi sasa. Mpango wangu, nilioufikiria kwa akili zangu timamu za mtu aliyesoma, ulikuwa huu: wageni husimama nje ya lango, msemaji wao anapiga hodi, msemaji wa ndani anaitikia na kuwauliza maswali, na wakati huo hawaonani, kuna ua wa matete katikati. Kwa hiyo nitapiga hodi, nitasema naenda haja, nitazunguka nyuma kupitia jikoni, nitaitikia, nitarudi. Wakishafunguliwa lango Mungu atajua.

Basi nikasimama mbele ya ujumbe wa Lubondja, koti limepigwa pasi, kamba ya mbuzi mkononi, nikaita, "Hodi! Hodi kwa benye lupango!" yaani wenye boma. Kimya. Ndani watu wamejaa, viti vimepangwa, hakuna anayejibu, maana wa kujibu ni mimi. Wageni wakaanza kutazamana. Nikamwambia Baba Asende, "Ngoja kidogo, tumbo," nikazunguka mbio, na kwa haraka nikasahau kuachia kamba, mbuzi huyoo nyuma yangu. Nikapita jikoni katikati ya wanawake na masufuria ya bugali, nikatokea uani, nikapaza sauti: "Karibuni! Ninyi ni banani, munatafuta nini?" Kimya tena. Nje nako hakuna wa kujibu, maana wa kujibu ni mimi. Baba Neema akakunja uso. "Banapiga hodi na banakataa kusema jina? Banatucheza?" Nikasema, "Ngoja kidogo, tumbo," nikarudi jikoni.

Nikatoka nje jasho linanitiririka, nikajibu, "Ni sisi, bantu ya Lubondja, tumekuya na heshima!" nikakimbia tena ndani kujiuliza swali linalofuata. Mara ya tatu napita jikoni, mwiko mrefu wa bugali ukanyooshwa mbele ya kifua changu. Ni Mama Nyota, jasho usoni, kitenge kimefungwa kiunoni.

"Mwalimu, juu ya nini unapita mu jiko yetu mara tatu na mbuzi?"

Nilitaka kumdanganya. Nilishafungua mdomo niseme tumbo. Lakini ule mtazamo wake mnaujua, hauna ukali, unangoja tu, nikajikuta namweleza yote, na huku tunasikia Baba Neema anasimama na wazee wanasimama naye, anasema afadhali wageni warudi kwao, na ndani ya nyumba nikasikia Neema ameanza kulia. Jamani, kile kilio bado ninacho masikioni.

Mama Nyota hakunitukana. Alinishika mkono, akanipeleka katikati ya uwanja, mimi na mbuzi wangu, akaamuru lango lifunguliwe ili pande zote mbili zinione. Akasema kwa sauti ileile ya kuuzia samaki: "Kaka, bageni habakukosa. Mwalimu aliitika ku pande mbili."

Wacha kicheko! Wengine hawakucheka. Baba Neema alinyoosha kidole langoni. "Basi barudi! Batakuya siku ingine!"

"Hapana, kaka yangu," akasema Mama Nyota, pole kabisa. "Siteweza kukubali ile. Binti iko tayari, bugali iko tayari. Mwenye haiko tayari ni Mwalimu peke yake."

Na yule mzee, mkali kama mnavyomjua, akakaa. Akakaa! Akamwambia, "Basi semea sisi weye." Heshima kubwa hiyo, kumpa dada yako neno mbele ya wakwe. Mimi ningeipokea kwa mikono miwili na miguu. Mama Nyota akasema, "Hapana, kaka. Niko na sufuria ku moto." Halafu akanigeukia. "Mwalimu, uliitika bantu ya Lubondja mbele. Sasa uambie kaka yangu hapana. Apa apa, tusikie."

Watu zaidi ya mia, wake kwa waume, wote wananingoja. Nikamtazama Baba Neema, mtu tuliyechota naye maji bomba moja miaka yote hii. Nikasema, "Baba Neema... hapana. Siteweza kubasemea." Nikafumba macho, nangoja mbingu zianguke.

"Sawa," akasema. Akamgeukia mpwa wake. "Weye, simama."

Basi! Ni hivyo tu! Nilimpa yule kijana karatasi yangu, nusu nilie nusu nicheke, kwamba maisha yangu yote nilikuwa nakimbia neno ambalo upande wake wa pili kuna "sawa" inayongoja. Shughuli ikaendelea, na mpwa alipofika kwenye mbuzi, uwanja mzima ukavunjika mbavu maana mbuzi alikuwa anatafuna koti langu. Neema alitolewa nje akicheza, macho bado mekundu, na alipopita karibu yangu akaninong'oneza, "Aksanti kwa ile hapana, Mwalimu."

Wakati wa kuondoka nikamfuata Mama Nyota, nikamwomba kesho anisindikize kwa kaka yake nikaombe msamaha. Akanitazama usoni. "Hapana, ndugu yangu, siteweza," akasema. "Mama Ester iko muzima?"

Njiani mvua ikanyesha. Nilimkuta mke wangu jikoni, ameweka beseni chini ya lile tundu, kuni zimelowa, anapuliza moto usiotaka kuwaka. Nikamweleza kwa furaha kwamba leo, kwa mara ya kwanza maishani, nimesema hapana. Hakuinua kichwa. "Hapana unaijua sana," akasema. "Ni mie tu unanipatiaka, kila siku ya posho."

Nikachuchumaa, nikapuliza naye ule moto. Kwa Baba Neema nilikwenda kesho yake, peke yangu. Na nimeapa, mtu akinijia siku hizi namwacha amalize sentensi yake, ndipo nifungue mdomo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa juu ya paa la jiko, nyundo mkononi, mtu akasimama nje ya ua akaita, "Mwalimu, nilikuwa naomba..." Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikasema, "Hapana, ndugu yangu, leo siteweza. Mama yako anaendeleaje?" Akajibu anaendelea vizuri, akasema sawa, akaenda zake. Mama Ester alikuwa chini ameshika ngazi. Alininyooshea msumari mwingine.