Kichwa cha Herman na Zamu ya Alhamisi

Kwa heshima na taadhima, na kwa masikitiko yanayostahili, watu wote wa Tumati, wakulima na wafugaji, waliobatizwa na wanaosubiri, wanatangaziwa kwamba kichwa cha Herman Tluway, kilichozaliwa pamoja na mwenyewe miaka hamsini na minne iliyopita, kimeanza kuuma tena, upande wa kulia, tangu Jumatano saa tatu asubuhi. Habari ziwafikie Oliva mkewe aliyeko Babati, Erica binti yake aliyeko hukohuko, na ng'ombe sita walioko zizini. Maombolezo yapo nyumbani kwa marehemu mtarajiwa. Waombolezaji waje na viti vyao.

Hakuna aliyekuja. Na wangekujaje, wakati tangazo lenyewe Herman alilitunga akiwa amelala chali kitandani, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia mwanga, ndoo ya kutapikia iko karibu na mkono? Alilitunga kwa sababu mtu akiumwa peke yake inabidi awe mgonjwa na msemaji wa familia kwa wakati mmoja.

Tatizo la kichwa ni kwamba hakina cha kuonyesha. Vunja mguu uone. Watakuja na uji, watakuja na maziwa ya mgando, watauzunguka mguu wako na kuutazama kama fahali wa maonyesho. Lakini kichwa kinachouma, kwa nje, ni kichwa tu. Kina masikio mawili kama jana. Mwanamume mwenye shamba na mifugo akisema amelala mchana kwa ajili ya kichwa, watu humuuliza kwa upole, "Ulikunywa wapi?"

Oliva alikwenda Babati kumlea mjukuu kwa miezi mitatu. Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Mjukuu sasa anajua kufungua simu ya bibi yake na kumkatia babu akiwa katikati ya sentensi.

"Baba Erica, kichwa kikoje?"

"Kipo."

"Pole. Mwezi ujao nakuja."

Halafu simu inakatwa na mtoto, na nyumba inarudi kwenye ukimya wake. Ni nyumba ya vyumba vinne, na Herman anatumia kimoja na nusu.

Lakini kilichokuwa kinamtisha siyo kichwa. Ilikuwa Alhamisi. Nyumba saba za bonde lile hazichungi kila moja kivyake. Asubuhi kila nyumba inafungulia ng'ombe wake, wote wanakutana njia panda ya josho, na nyumba moja inawapeleka malishoni mpaka jioni. Kesho yake ni zamu ya nyumba nyingine. Nyumba saba, siku saba, na watu wamezoea kuitana kwa siku zao. Mzee Bonaventura ni Jumatatu. Nicodemo ni Ijumaa. Herman ni Alhamisi, na katika miezi minne Alhamisi ilikuwa imeshindwa kuamka mara tano. Siku ya tangazo letu ilikuwa Jumatano, na kesho yake ikawa ya sita.

Ijumaa Nicodemo alisimama nje ya dirisha lenye blanketi.

"Herman! Uko hai?"

"Kidogo."

"Wazee wamesema ukikosa tena hata Alhamisi moja, uchunge ng'ombe wako mwenyewe."

"Siku zote saba?"

"Ng'ombe hawafungi kwa ajili ya Jumapili, ndugu yangu."

Mtu mmoja hawezi kuchunga kila siku na kulima pia. Atauza ng'ombe. Na hapo Herman alijua hesabu yake vizuri kuliko Nicodemo. Njia panda ile, asubuhi, kwenye vumbi la kwato, ndipo mahali pekee palipobaki ambapo mtu alitamka jina lake bila kukatiwa simu. Akitolewa kwenye zamu, anaweza kukaa wiki nzima bila kuitwa Herman.

Usidhani hakuwa ametafuta tiba. Alitafuta mpaka tiba zikamchoka. Nicodemo alisema ni bati mpya za paa lake, zinavuta jua na kulishusha utosini. Mama mmoja wa jumuiya alimshauri asamehe wote waliomkosea. Akasamehe kwa utaratibu, akianzia na baba mkwe, na kichwa kikaendelea kuuma kwa moyo mweupe. Kwenye mnada wa Dongobesh alinunua miwani. Alhamisi iliyofuata akawaona ng'ombe wa bonde lote wameongezeka maradufu, akafurahi kwa niaba ya jirani zake, kisha akatumbukia mtaroni. Na kila mshauri alikuwa na kitu cha kumnyang'anya: acha kahawa, acha maharage, acha kwaya, acha kukaa na watu wenye makelele. Aliacha vyote. Kwaya ilimwuma zaidi, alikuwa anaimba besi. Kichwa peke yake ndicho ambacho hakikuacha kitu.

Kilichobaki ni duka la Gervasi, lenye vidonge vya maumivu kwenye kopo karibu na kiberiti. Herman alimeza viwili kila asubuhi kwa ajili ya maumivu yaliyokuwepo, na viwili jioni kwa ajili ya yale ambayo huenda yakaja.

Baada ya onyo la Nicodemo alipanda basi dogo hadi Dongobesh, kwenye kituo cha afya. Alimkuta tabibu anaitwa Ludovika, binti wa Kagera mwenye umri kama wa Erica, aliyevaa masweta mawili chini ya koti jeupe na bado anaonekana kuteswa na baridi ya Mbulu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, daktari."

"Tatizo ni nini?"

"Kichwa."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la sita. Ila zamani kilikuwa kinatembelea. Siku hizi kimehamia."

Alimpima presha, akammulika machoni, akamtembeza kwenye mstari wa sakafu kama anayekamatwa kwa ulevi. Yote sawa. Akauliza kama kuna kitu kinachotangulia maumivu.

 Herman hakuwa amewahi kumwambia mtu. "Kuna kama meno ya msumeno yanayong'aa. Yanaanza madogo, yanakua. Halafu kushoto kunafutika. Nikikutazama, nusu ya uso wako haipo. Nusu saa hivi, ndipo maumivu yanaingia."

Alitegemea acheke. Ludovika aliandika tu. "Hicho ni kipandauso, baba."

Herman aliona fahari ya ajabu. Miaka arobaini anaumwa kitu chenye jina! "Dawa yake?"

"Kwanza daftari."

Akampa masharti. Kwa mwezi mmoja aandike saa ya kulala, saa ya kuamka, alichokula na saa ngapi, maji, vidonge, na siku ya kichwa. Herman, aliyekuja akitarajia sindano kubwa, alirudi Tumati na daftari la kurasa themanini, akihisi kama ameshushwa daraja na kurudishwa shule.

Aliandika. Haya ni machache:

*Jumatatu. Nimeamka saa kumi na moja. Chai kavu. Vidonge 2. Mchana hamna. Usiku ugali saa nne. Vidonge 2. Kuongea: Nicodemo, maneno manne.*

*Jumanne. Chai kavu. Vidonge 2. Mchana hamna. Usiku sikupika, kupikia mtu mmoja ni kazi. Vidonge 2. Kuongea: hamna.*

*Jumatano. Msumeno saa mbili. Kichwa. Kutapika. Kuongea: hamna.*

Alhamisi zote nne za mwezi ule alichunga. Moja kichwa kilimkuta malishoni, akachunga amelala kifudifudi na koti kichwani, na ng'ombe, kwa huruma au kwa uvivu, hawakwenda mbali.

Ludovika alisoma daftari lote bila kuinua uso. Kisha akaweka kidole pembeni ya ukurasa.

"Hili la kuongea sikukuambia uandike."

"Nafasi ilibaki," Herman alisema.

Daktari alirudi ukurasa wa mwanzo. Kisha akahesabu kwa sauti. "Mwezi una siku thelathini. Umemeza dawa ya maumivu siku ishirini na sita. Baba, hizi dawa zikimezwa hivyo zinageuka. Zenyewe ndizo zinaleta kichwa."

"Kumbe nanunua kichwa dukani?"

"Kwa rejareja. Na vile vichwa vikubwa vilikuwa sita. Vitano vimekuja baada ya siku uliyoshinda njaa, ukalala ovyo." Alimwandikia kidonge cha kuzuia, kimoja kila jioni. Kingine cha kumeza mara maumivu yanapoanza, lakini si zaidi ya siku mbili kwa wiki. Vya Gervasi aache kabisa, na ajue wiki mbili za mwanzo zitakuwa mbaya kuliko zote. Alale na kuamka saa zilezile. Maji. "Na ule mchana. Hata kama huna njaa."

"Nitapona?"

"Kitapungua. Kipandauso hakiondoki, kinafugwa. Na ukiona huo msumeno usipande pikipiki, usivuke barabara. Mtu anaweza kusimama kushoto kwako usimwone kabisa."

Herman, aliyekuwa ameshainuka, akakaa tena. "Hata mzee?"

"Hata lori, baba."

Njia ya kwenda josho inapita mbele ya nyumba ya mzee Bonaventura. Nyumba iko kushoto. Mzee huketi pale kila asubuhi kwenye kigoda, mikono juu ya fimbo, akipokea shikamoo za bonde zima. Herman alifika kwa Nicodemo kabla hata ya kufika nyumbani kwake mwenyewe.

"Niambie kweli. Nimewahi kumpita mzee bila kumwamkia?"

Nicodemo alimtazama kama mtu anayeulizwa kama mvua hunyesha. "Mara tatu. Mara ya tatu alivua kofia ili umwone vizuri."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukwambie nini? Tulijua una dharau. Mtu mwenye dharau unamwambia ana dharau?"

Basi haikuwa kuchunga tu. Bonde lile lingeweza kumvumilia mgonjwa. Mtu anayempita mzee wa miaka themanini kama anapita kisiki, huyo hawana dawa yake.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa kama alivyoahidiwa. Bila vidonge vya Gervasi kichwa kiligonga mchana na usiku kama mtu anayedai afunguliwe. Saa saba kila siku Herman alipika ugali wa mtu mmoja, ambao ukizidi ni wa mbwa na ukipungua ni aibu. Alikula akisikia anavyotafuna. Hakujua kutafuna kuna kelele kiasi kile. Mara moja aliweka sahani mbili mezani kwa mazoea ya zamani, akaitazama ya pili, akairudisha kabatini kavu.

Alhamisi ya kwanza alichunga. Alhamisi ya pili alifika mlangoni, akashika mwimo, akarudi kwa magoti kwenye ndoo. Ng'ombe wa nyumba saba walisimama njia panda mpaka saa nne, wakilia, mpaka Nicodemo akawachukua huku akitukana kwa sauti ya kusikika.

Jumapili baada ya misa akaitwa. Nyumba sita zilikuwa zimeketi uani kwa mzee Bonaventura. Hakuna aliyemsogezea kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo naonekana?" Watu wakacheka, siyo kicheko kizuri.

"Leo nakuona, mzee."

"Nashukuru. Nilidhani nimekufa na watoto wangu wananificha."

Herman hakuwa mtu wa maneno, na mazoezi hakuwa nayo. Alisema akiwa amesimama, akitazama fimbo ya mzee. Alieleza msumeno, na yale aliyoambiwa na yule binti wa kituo cha afya Dongobesh. Alieleza kushoto kunavyofutika. Alisema siku zile tatu angekuwepo askofu kwenye kile kigoda angempita vilevile. Alisema Alhamisi amekosa na hana cha kujitetea, ila wakimtoa kwenye zamu, aliomba wamruhusu aendelee kuja njia panda asubuhi, hata kama hana ng'ombe wa kuleta.

Hapo hakucheka mtu. Nicodemo alianza kukwangua tope kwenye kiatu chake.

Mzee Bonaventura alifumba jicho moja, akageuza shingo huku na huku, akijaribu kufuta upande. "Kwa hiyo hapa nakaa, nakuangalia, na wewe huku kwako ni ukungu?"

"Hata ukungu ningeuona, mzee. Hakuna kitu."

 Bonde lote lilisubiri, maana akishasema yeye mengine ni kuitikia. "Sikiliza, kijana," alimwambia yule babu wa miaka hamsini na minne. "Ukianza kuona huo msumeno wako, toa shikamoo kushoto, hata kama huoni mtu. Nikiwepo nitaitikia. Nisipokuwepo hujapoteza kitu."

"Ndiyo mzee."

"Na Alhamisi itakuwa ya watu wawili. Nicodemo utatembea naye. Ukitaka kutukana, utamtukana akiwa karibu asikie."

 Mtu mmoja akasukuma kiti kwa mguu, Herman akakaa. Ndipo uchu wa dawa ulipowapata wote, maana katika nyumba saba hapakosi vichwa vinavyouma. Mzee akasimama kwa fimbo, akakohoa, akatoa hotuba. Alisema ugonjwa huu umewasumbua watu tangu zamani. Alisema yule binti wa Dongobesh amesomeshwa miaka mingi na serikali, na elimu kubwa namna ile lazima imezaa dawa kubwa. Kwa hiyo, mbele ya mashahidi hawa, Herman asiwe mchoyo, awaambie watu wa bonde lake ni dawa gani hiyo iliyomponya.

 Mama mmoja alitoa kalamu.

"Sijapona, mzee," Herman alisema. "Nakula mchana."