Mvua ya Nuhu na Mikeka Sita

Nilijitolea kutengeneza sauti za mchezo wa Gharika kwa sababu mbili. Kwanza, sikuweza kuigiza. Mwalimu aliyeuandaa alinijaribu katika nafasi ya ngamia akasema sitembei vizuri. Pili, Nuhu alikuwa mzee wa kanisa ambaye binti yake nilikuwa namtaka. Mshenga wangu alikuwa amerudi kutoka kwake mara mbili na jibu lile lile: kijana huyo tunamwona akipita na baiskeli, lakini kazi yake hatuijui. Nikaona hapa ndipo pa kujulikana.

Ulikuwa wakati wa Waingereza, huku kwetu Mbozi, si mbali na Itaka, miaka ambayo karibu kila nyumba ilikuwa imeanza kulima kahawa, na kila mtu alikuwa ameshikwa na ugonjwa mmoja wa kutazama mawingu. Kahawa ikishaoshwa huanikwa kwenye mikeka siku nyingi. Ikilowa inaota ukungu, na mnunuzi anaisukuma pembeni bila hata kukusalimu. Kwa hiyo ikisikika mvua, mtu haulizwi alikuwa na shughuli gani. Anakimbia kuanua. Nimeona jeneza likiwekwa chini njiani kwa sababu hiyo, na marehemu hakulaumiwa wala hakulaumu.

Kazi ya sauti sikuijua, wala hakukuwa na wa kunifundisha. Mwalimu alinipa debe tupu akasema nifanye mvua. Nilijaribu ulezi kwenye ungo, nikapata manyunyu. Nilijaribu mchanga, nikapata mtu anayefagia. Mwisho nilipandisha bati chakavu hadi chini kidogo ya paa la kanisa, ambalo nalo lilikuwa la bati, nikawa nasimama juu ya ngazi na kulimwagia maharage makavu kwa kikombe. Bati jingine nililitundika kwa kamba, ukilitikisa, linanguruma. Mwalimu alisikiliza akiwa amefumba macho, akasema imezidi. Nilidhani ananisifu.

Mchezo ulipangwa Jumamosi mchana. Msimu ulikuwa unakwisha, mikeka ya mwisho bado ipo nje, na mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Ileje tangu asubuhi. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi ili Gharika ipate giza lake, na jingine likatundikwa kunificha mimi na ngazi yangu. Kanisa lilijaa hata wale walioachwa nyumbani kulinda kahawa. Mama yangu, mjane mwenye mkeka mmoja, alikaa karibu na mlango. Mzee alikuwa ameiingiza safinani familia yake yote, binti yake akiwamo, kwa kuwa hakuona sababu ya Nuhu kuokoka na watoto wa watu. Mikeka yake sita ilibaki na mbwa.

Ulipofika wakati, nilitikisa bati, nikamwaga maharage. Kabla sijamaliza kikombe cha pili kanisa lilikuwa tupu. Walitangulia wenye dhambi, ambao ndio waliopaswa kuzama, wakafuata wanyama, kisha Nuhu mwenyewe akaruka ubavu wa safina, kanzu ameishika mkononi. Tulibaki mimi, mwalimu, na twiga mmoja ambaye kwao hawalimi kahawa.

Nje jua lilikuwa linawaka. Wengine walirudia mlangoni, wengine walifika hadi kwenye mikeka yao ndipo wakatazama juu. Walirejea bila kuanua kitu, na hakuna aliyecheka. Mzee akasimama mbele akasema kwamba mvua ya leo ni ya mtu mmoja, tunamjua, na yuko nyuma ya blanketi. Asiondoke tena mtu hadi njiwa arudi. Niliona aibu hadi masikio yakaniwasha. Kazi yangu sasa ilikuwa imejulikana.

Tukaanza upya. Nilimwaga kikombe kimoja tu, nikakiweka chini kupumzisha mkono, na mvua ikaendelea. Nikatazama kikombe. Nikatazama mikono yangu. Matone ya kwanza yalikuwa yanagonga paa, yale mazito yanayotangulia, na watu wamekaa wametulia wakisikiliza. Mtu mmoja alisema safari hii kijana amepata kipimo.

Nikapenyeza kichwa pembeni mwa blanketi.

"Mzee," nilimnong'oneza Nuhu, "hii siyo yangu."

Hakugeuka. Alijibu kwa sauti ya kuhubiri, kanisa zima likasikia: "Mlango umekwisha kufungwa."

Watu wakaitikia amina.

Ningeweza kupiga kelele, lakini mtu aliyekwisha kuwatoa watu nje bure hasikilizwi mara ya pili. Nikatokea mlango wa nyuma. Pale njia inagawanyika: kulia ni kwetu, kushoto ni kwa mzee, na muda uliokuwapo ulitosha nyumba moja. Nilijiambia kwamba mikeka sita ni mingi kuliko mmoja. Hesabu hiyo ni sahihi hadi leo. Ila haikuwa hesabu iliyonipeleka kushoto, na hilo nililijua nikiwa bado nakimbia.

Nilipouburuta mkeka wa sita ndani, mvua ikashuka yote, mimi mwenyewe bado nikiwa nje. Kule kanisani walikaa hadi mwisho, njiwa akarudi na jani lake, wakafungua mlango. Sitasimulia vilio.

Mama alinikuta barazani kwa mzee nimelowa chapachapa, punje za kahawa zimenigandia mikononi. Alichungulia mlangoni akaiona kahawa ya mzee, kavu yote.

"Kumbe ulijua ni ya kweli," akasema. Akaenda kukusanya ya kwake.

Nilimfuata. Hakunifukuza, wala hakunipa nafasi ya kushika upande wa pili wa mkeka.

Mara ya tatu mshenga hakutumwa. Mzee alimwita mwenyewe. Siku wazee wa pande mbili walipokaa, alisema yeye ameshajionea kwa macho, ila angependa kumsikia na mama mzazi: kijana huyu ni mtu wa namna gani?

Mama alitengeneza kitambaa chake kichwani.

"Mali ya watu," akasema, "anaitunza sana."

Wazee wakaafiki kwa sauti moja kwamba mkwe wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi, na nikapewa binti. Mama akanipongeza pamoja na wengine. Mimi nilikuwa natazama sakafu.